Hakuna Alama, Lakini Yupo Shahidi



Mfunguo Mosi ukiingia, harusi huanza kufuatana. Bi harusi anawekwa ndani, singo inapakwa, udi unafukizwa, somo anakuja na mafunzo yake. Na sote tuliowahi kukaa katika chumba kile tunajua kwamba mlango ukishafungwa, husemwa mambo ambayo hayajawahi kusemwa kokote. Mara nyengine mwari huanza kulia, tukadhani ni kwa ajili ya kuagana na mama yake. Kumbe analia kwa jambo la miaka kumi nyuma: mtu mzima aliyeaminiwa na nyumba nzima, mchana mmoja ambao watu hawakuwepo, na yeye tangu hapo hajamwambia mtu.

Akishasema, hufuata swali ambalo humnyamazisha tena: "Na nikienda kushitaki, nitaonesha nini? Sina alama. Sina cheti cha daktari. Hakuna aliyeona."

Swali hili tunalisikia kana kwamba lilizaliwa hapa kwetu, katika aibu zetu na muhali wetu. Sivyo. Lina historia ndefu, na tukiijua historia hiyo tutaona kwamba jibu lake leo si lile walilopewa bibi zetu.

Nguo iliyochanika

Tuanzie Uingereza, kwa sababu sheria za jinai za visiwani kwetu zimetokana na huko. Katika karne ya 13, kitabu cha sheria kinachojulikana kwa jina la Bracton kilieleza mwanamke aliyebakwa afanye nini: aende papo hapo vijiji vya jirani, apige ukelele, awaoneshe watu waaminifu jeraha lake, damu yake na nguo yake iliyochanika. Asiyefanya hivyo, dai lake lilikuwa hatarini.

Karne nne baadaye akaja Matthew Hale, Jaji Mkuu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1676. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1736, miaka 60 baada ya kufa kwake. Humo aliwaonya majaji wawe na tahadhari kubwa, kwa kuwa mwanamume asiye na hatia anaweza kusingiziwa ubakaji na akashindwa kujinasua. Akaongeza kuwa mwanamke aliyekaa kimya muda mrefu huenda anasema uongo. Maneno ya mtu huyo mmoja yalisomwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 200.

Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Waingereza walituletea sheria walizozitunga kwa ajili ya India, ikiwemo Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo mama wa sheria za ushahidi za Afrika Mashariki. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichomruhusu mshitakiwa wa ubakaji kuonesha kwamba mwanamke anayemshitaki ana tabia mbaya kwa jumla. Yaani aliyedhulumiwa ndiye aliyehukumiwa kwanza.

Uhuru ulipokuja, bendera zilibadilika lakini tahadhari ya Hale ikabakia. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kuwa jaji anayesikiliza kesi ya kosa la kujamiiana lazima ajionye nafsi yake juu ya hatari ya kutegemea maneno ya mwanamke peke yake. Asipojionya, hukumu kwa kawaida ingefutwa. Mwaka 1970, katika kesi ya Kenya, ilisemwa mahakamani kwamba wanawake na wasichana wakati mwengine hutunga hadithi za uongo, na mara nyengine bila ya sababu yoyote. Aliyeibiwa mbuzi hakuwekewa onyo kama hilo. Liliwekwa kwa wanawake na watoto.

Na dini yetu je?

Wengi husema: "Lakini katika Uislamu lazima wawepo mashahidi wanne." Hapa inatubidi tuwe makini, maana neno hili limefunga midomo mingi.

Mashahidi wanne wametajwa katika Suratun-Nur kwa mtu anayewatuhumu wanawake wanaojihifadhi kuwa wamezini. Sura hiyohiyo ndiyo iliyoshuka na habari za kisa cha ifk, pale Mama yetu Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliposingiziwa. Masharti hayo mazito yalikuja kumlinda mwanamke na ndimi za watu. Kuyageuza yawe ukuta wa kumlinda aliyemshika mwanamke kwa nguvu ni kuyapeleka kusikokusudiwa. Zina ni jambo la watu wawili waliotaka. Aliyelazimishwa hakutaka, na wanazuoni wamekubaliana kuwa hana dhambi wala adhabu.

Abu Daud na Tirmidhi wamepokea hadithi ya Wail bin Hujr kuhusu mwanamke aliyetoka kwenda kusali zama za Mtume, rehma na amani zimshukie. Njiani mtu akamshika kwa nguvu, naye akapiga kelele. Hakuambiwa alete mashahidi wanne, wala hakuadhibiwa. Aliambiwa aende zake, Allah amemsamehe. Wanazuoni wamejadiliana baadhi ya sehemu za mapokezi hayo, lakini mna funzo jengine ndani yake: mtu wa kwanza kukamatwa hakuwa yeye, na mkosaji wa kweli alijitokeza mwenyewe na kukiri. Kwa hiyo mwanamke anasikilizwa, na jambo linachunguzwa. Yote mawili yanakwenda pamoja.

Katika Bukhari imo habari ya Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, kumwadhibu mtumwa aliyemlazimisha kijakazi, na kumwacha kijakazi yule kwa kuwa alilazimishwa. Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kitabu kizima juu ya namna kadhi anavyoweza kuifikia haki kwa dalili za mazingira, zile ziitwazo qarina. Kisa cha Nabii Yusuf kinatukumbusha jambo hilohilo: kanzu iliyochanika kwa nyuma ilimtoa hatiani mtu aliyesingiziwa. Dalili humsaidia mkweli, awe mwanamke au mwanamume.

Mlango ulipofunguka

Uingereza kwenyewe iliondoa lazima ya onyo lile mwaka 1994. Tanzania Bara ilifuata mwaka 1998 kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo pia iliigusa Sheria ya Ushahidi: mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyetendewa peke yake, ikiwa imeyapima, imeridhika kuwa anasema kweli tupu, na imeandika sababu zake. Kenya nayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisikia Mahakama yake ya Rufaa ikisema kuwa kudai ushahidi wa ziada kwa wanawake tu ni ubaguzi unaopingana na katiba. Sheria yake ya Makosa ya Kujamiiana ikaja mwaka 2006.

Uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, uliomo katika mkusanyo wa kesi wa mwaka 2006, unatajwa na mawakili mpaka leo. Kiini chake ni kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Mahakama hiyo ndiyo inayosikiliza pia rufaa za jinai kutoka Zanzibar. Na si mara moja imeiweka kando PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, kwa kuwa haikupokelewa kwa utaratibu, na bado hukumu ikasimama kwa maneno ya mwanamke.

Zanzibar tumepata Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 badala ya ile ya kikoloni, Sheria mpya ya Adhabu ya mwaka 2018, na kuanzia mwaka 2021 mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji.

"Mbona alinyamaza?"

Hili ndilo swali la Hale, na bado linaulizwa na wakili wa utetezi, sheha, hata shangazi. Tusidanganyane: mahakama zetu huona kuwa kumtaja mtu mapema kunaupa ushahidi nguvu, na kuchelewa bila ya maelezo kunautia shaka. Neno muhimu hapo ni "bila ya maelezo". Anayechelewa anatakiwa aeleze.

Na maelezo yapo. Alikuwa mtoto. Aliyemtenda ndiye aliyekuwa akilisha nyumba. Alitishwa. Aliambiwa atavunja ukoo. Hata sheria yenyewe iliwahi kutisha: mwaka 1985 Zanzibar ilitunga sheria iliyofanya ujauzito wa mwanamke asiye na mume kuwa kosa la kufungwa jela, na haikubadilishwa mpaka mwaka 2005. Msichana aliyebakwa akapata mimba katika miaka hiyo alikuwa na sababu gani ya kulikimbilia gereza? Wengine kati ya wasichana hao leo ni mama zetu.

Ukimya wa miaka pia haulifuti kosa. Katika mfumo tuliourithi, kosa zito kama hili halina tarehe ya kuisha muda wake.

Mwili hausemi kila kitu

Mabibi harusi, hili ni lenu khasa. Wapo wanaoogopa kwamba daktari, au usiku wa harusi, utatoa hukumu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitangaza kuwa vipimo vya ubikira havina msingi wowote wa kisayansi. Hakuna uchunguzi unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kuingiliwa au la. Baada ya miaka, daktari akisema hakuna alama, hakuthibitisha kuwa jambo halikutokea. Na isiyotoka damu usiku ule haikushuhudia kitu.

Kwa hiyo nini kinabaki? Vinabaki vingi. Maelezo yake mwenyewe, yasiyogeuka: mahali, msimu, skuli aliyokuwa akisoma, nguo, maneno aliyoambiwa. Mtu wa kwanza aliyemwambia. Ujumbe wa simu, au barua ya kuombwa msamaha. Aliyeona kuwa mtoto alibadilika ghafla, akakataa kwenda chuoni au kulala nyumba fulani. Wengine waliotendewa na mtu huyohuyo. Kila kimoja peke yake ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Tusiahidi kisichoahidika. Mashtaka lazima yathibitishwe pasi na shaka, na Mahakama ya Rufaa imekumbusha kuwa maneno ya mlalamikaji hayapokelewi kama aya, lazima yapimwe. Zipo kesi za kweli zilizoanguka. Mwanamke aliyeamua kutokwenda mahakamani hakukosa imani wala ujasiri. Lakini asiache kwenda kwa sababu aliambiwa kuwa bila ya alama hakuna kesi. Hilo si kweli tena.

Sisi tuliomo chumbani

Historia hii imetufundisha jambo moja kubwa. Kwa karne nyingi sheria ilitafuta shahidi katika nguo na damu, na shahidi alikuwa amesimama mbele yao akisema. Leo mahakama inaweza kumsikia. Bado ni sisi.

Mwari akikwambia, wewe somo, mama au shoga, unaweza kuwa shahidi bila ya kutaka. Kwa hiyo msikilize mpaka mwisho. Usimuulize mbona hakupiga kelele. Usimtilie maneno mdomoni, usimsaidie kukumbuka. Ukitoka hapo, andika tarehe na maneno yake kama alivyoyasema, uyaweke. Usimpigie mtuhumiwa simu, wala usiitishe kikao cha ukoo cha kulimaliza "kindugu", kwani muhali umezika kesi nyingi. Akiwa tayari, fuatana naye: kwenye dawati la jinsia la polisi, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, au kwa wanasheria wanawake wa ZAFELA wanaotoa msaada wa kisheria. Akiwa hayuko tayari, mwachie mlango wazi.

Na harusi yake iendelee ikiwa yeye anataka iendelee. Hina yake ipakwe, udi ufukizwe. Hakupungukiwa na kitu. Dhuluma ni ya aliyeitenda.

Allah awape subira waliobeba siri hizi, azifungue ndimi zao kwa kheri, na atujaalie tuwe masikio yanayoaminika. Amin.