Ngitili za Shinyanga na Maana ya Kujitolea

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba namna watu wanavyoitunza ardhi yao, yaani kanuni wanazojiwekea juu ya nyasi, miti na maji, nayo ni sehemu ya utamaduni huo. Katika makala hii tutaeleza habari za ngitili za Wasukuma wa Shinyanga, tukiwa na swali moja mbele yetu: ni wakati gani kazi ya pamoja huwa kweli ni kazi ya kujitolea?

Shinyanga ni nchi ya mvua chache, yapata milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na kiangazi chake ni kirefu. Mkulima wa huko ni mfugaji pia, na hana budi kuivusha mifugo yake katika miezi hiyo migumu. Njia waliyoibuni wazee ni hii. Mvua zinapoanza, familia hutenga kipande cha malisho, na hakuna ng'ombe anayeingia humo mpaka mvua zimekwisha na nyasi za nje zimekauka. Ndipo kipande hicho hufunguliwa, sehemu baada ya sehemu. Wanaotangulia kuingizwa ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, maksai wa kulimia na wanyama walio dhaifu. Hiyo ndiyo ngitili. Haihitaji ukuta wala seng'enge; ulinzi wake mkubwa ni heshima ya majirani.

Zamani sehemu kubwa ya nchi hiyo ilifunikwa na misitu ya miombo na migunga. Humo waliishi mbung'o, wadudu waenezao nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza, kwa uongozi wa mtaalamu C. F. M. Swynnerton, ilianza kuwafukuza mbung'o kwa kufyeka pori walimojificha. Watemi waliwaita watu wao, nao walitoka kwa maelfu wakiwa na mashoka. Desturi ya kazi za pamoja haikuwa ngeni Usukumani. Vijana, yaani basumba, walizoea kulima mashamba kwa makundi huku wakiimba, na ngoma ya bugobogobo, ichezwayo kwa majembe, imetokana na kazi hizo.

Wakoloni waliisifu kazi hiyo ya kufyeka kuwa ni ya hiari. Sisi tusiharakishe kukubali wala kukana. Kwa upande mmoja, watu walikuwa na sababu yao wenyewe, maana mbung'o alikuwa adui wa kweli wa mifugo yao. Kwa upande wa pili, wito wa mtemi mwenye serikali nyuma yake haukuwa wito ambao mtu angeweza kuukataa bila hofu. Lililo wazi ni kwamba pori lilirudi nyuma, na makazi, mashamba na mifugo vikaingia mahali pake. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka sana, na miti iliyosalia ikazidi kupungua.

Serikali hiyohiyo iliyohimiza kufyeka ilianza kuona ardhi ikichakaa. Kuanzia mwaka 1947 ilileta Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Watu waliamriwa kulima kwa matuta, kupunguza mifugo na kufuata kanuni nyingi nyinginezo, na aliyekaidi alitozwa faini. Hatusemi kwamba kila amri ilikuwa ya kipumbavu. Baadhi yake zilikuwa na maana kwa ardhi. Lakini zilitoka juu, ziliongeza kazi bila faida iliyoonekana upesi, na wananchi walizichukia. Chuki hiyo ilichangia kuwaunganisha watu dhidi ya utawala wa kigeni, na mwishoni mwa miaka ya 1950 amri hizo zilivunjika. Hivyo hifadhi ya ardhi ikabaki na jina baya: ilionekana kuwa kitu cha kulazimishwa.

Tuseme kweli hata pale inapotuhusu sisi wenyewe. Baada ya uhuru, hasa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976, familia nyingi zilihamishiwa katika vijiji vipya ili zipate shule, zahanati na maji kwa urahisi. Nia hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo, waliohama makazi yao ya zamani waliziacha na ngitili zao, na malisho yaliyokosa mlinzi yakawa ya kila mtu, na kwa hiyo si ya mtu yeyote. Mwaka 1986, katika mkoa mzima, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu.

Hasara ya ukame huo wa miti iliwaangukia wanawake kwanza. Kuni zilifuatwa mbali, na nyumba nyingi zilipikia mabua, miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake huumiza macho. Katika nchi ambayo vikongwe wenye macho mekundu walishukiwa uchawi, na baadhi yao wakauawa, jambo hilo halikuwa dogo. Msitu ulipotoweka, hata usalama wa bibi kizee jikoni mwake uliguswa.

Mwaka 1980 redio iliendesha kampeni ya Misitu ni Mali nchini kote, na mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni juhudi nyingi ziliwekwa katika vitalu na kugawa miche. Miche mingi haikustahimili kiangazi wala meno ya mifugo. Baadaye wataalamu walifanya jambo la busara: waliwauliza wenyeji. Wazee waliwaeleza habari za ngitili. Ilibainika kwamba chini ya ardhi iliyoonekana tupu, visiki na mizizi ya miti ya asili vilikuwa bado hai, vikingoja tu kuachwa vipumue. Hapakuwa na haja ya kupanda kila mti. Palikuwa na haja ya kulinda.

Kazi hiyo ya kulinda ilifanywa na wanavijiji wenyewe. Familia zilitenga ngitili zao. Shule na vijiji vikatenga za kwao. Dagashida, yaani baraza la jadi, lilikubaliana mipaka, wakati wa kufungua na adhabu ya mvunjaji. Sungusungu, waliojiunda mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, walisimamia makubaliano hayo, na serikali za vijiji zikayatilia nguvu kwa sheria ndogondogo. HASHI ilipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa wakati huo, uliojumuisha pia Maswa, Bariadi na Meatu, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulitaja aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo iliyoonekana humo, na ukaonyesha kuwa muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa 2 hadi 6 kwa siku. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Je, basi hadithi imekwisha? La hasha. Ngitili za watu binafsi haziwi sawa. Mwenye ardhi na mifugo mingi huwa na ngitili kubwa, na asiyekuwa nayo huenda akalazimika kununua malisho ambayo zamani aliyapata bure. Idadi ya watu inaongezeka, na kila kizazi kinadai mashamba. Ngitili isiyo na haki ndani yake haitapata heshima ya majirani, na tumekwisha kuona kwamba heshima hiyo ndiyo uzio wake.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Mikono iliyofyeka pori kwa wito wa mtemi, iliyolima matuta kwa kuogopa faini, na iliyolinda ngitili, ilikuwa ni mikono ya watu walewale na ya watoto wao. Kilichotofautiana ni nani aliyekata shauri, na nani aliyekula matunda ya kazi. Watu hujitolea kweli pale wanapoyaweka wenyewe masharti ya kazi yao na faida yake ikarudi nyumbani kwao. Tunawaomba walimu wawapeleke wanafunzi kwa wazee wa vijiji vyao, wakaulize ni ardhi gani ilitengwa zamani, kwa kanuni zipi, na kwa nini ziliachwa. Huenda huko nako vipo visiki vinavyongoja kulindwa.