Aliyedungwa Akiwa Mzima

Niliposomea uuguzi, Emil von Behring tulimmaliza kwa sentensi moja: Mjerumani aliyepata tiba ya dondakoo na kutunukiwa Nobel ya kwanza ya tiba, mwaka 1901. Tiba hiyo ilijaribiwa kwa nani? Hatukuambiwa, wala sisi hatukuuliza.

Desemba 1890, huko Berlin, Behring na mwenzake Mjapani, Shibasaburo Kitasato, walieleza kuwa mnyama akizoeshwa sumu ya bakteria kidogo kidogo, damu yake hujaa kinga, na kinga hiyo huweza kuhamishiwa mwingine kwa sindano. Leo tunaiita kingamwili. Haukupita muda seramu, yaani majimaji ya damu yenye kinga hiyo, ikawa inatolewa kwa farasi, maana farasi anastahimili na damu anayo tele. Ipo hadithi tamu ya mtoto aliyechomwa dawa hiyo Berlin wakati wa Krismasi ya 1891. Wanahistoria hawaafikiani juu yake, nami siijengei hoja.

Dondakoo hutandaza utando mzito kooni, mtoto akafa kwa kukosa pumzi huku mama anatazama. Katika wodi aliyofanyia kazi Émile Roux mjini Paris, takriban nusu ya watoto walikuwa wakifa. Seramu ilipoanza kutumika mwaka 1894, vifo vikashuka hadi karibu robo. Mbele ya hesabu kama hiyo, mzazi gani angeuliza habari za usalama? Na mtoto akifa baada ya kudungwa, lawama ilikwenda kwa dondakoo. Ugonjwa uliifichia dawa makosa yake.

Pazia lilifunuka Aprili 1896. Mtoto mdogo wa Robert Langerhans, mtaalamu wa patholojia wa Berlin, alidungwa seramu kama kinga tu. Hakuwa mgonjwa. Dakika chache baadaye alikuwa maiti. Baba yake alitangaza hadharani kuwa seramu ndiyo iliyomuua, na madaktari wakabishana sana juu ya sababu.

Kisa hicho hunigusa kwa sababu ya sindano ya pepopunda ya zamani, ile ATS iliyotokana na farasi. Mkulima aliyejikata kwa jembe hana pepopunda; ana kidonda. Kwa hiyo tulianza na tone dogo chini ya ngozi ya mkono, tukasubiri nusu saa kuona kama patavimba, adrenalini iko tayari mezani. Wengine walininung'unikia: “Sista, choma basi, jua linakuchwa!” Sikuchoma.

Mtu ninayemheshimu zaidi katika historia hii ni Johannes Fibiger wa Copenhagen. Kuanzia Mei 1896, kwa mwaka mzima, aliwagawa wagonjwa wa dondakoo kwa siku waliyolazwa: wa leo wanapata seramu pamoja na huduma ya kawaida, wa kesho huduma ya kawaida peke yake. Kati ya 239 waliopata seramu walikufa 8. Kati ya 245 wasiopata, 30. Tena hakuficha kwamba wengi waliochomwa walipata maradhi yaliyoletwa na seramu yenyewe. Mwaka 1905 Clemens von Pirquet na Béla Schick waliyaandikia kitabu kizima maradhi hayo: homa, vipele na maumivu ya viungo, siku kadhaa baada ya sindano.

Lakini hatari haikuwa katika mwili wa mgonjwa tu. Mwaka 1901, huko St. Louis, Marekani, seramu ilitolewa kwa Jim, farasi aliyewahi kuvuta gari la maziwa. Jim alikuwa ameshaingiwa na pepopunda. Seramu ikagawiwa bila kupimwa ipasavyo, na watoto 13 wakafa kwa pepopunda waliyodungwa pamoja na dawa ya dondakoo. Tarehe 1 Julai 1902 Marekani ikapitisha sheria ya kusimamia watengenezaji wa seramu na chanjo.

Siku hizi mpango wa kujaribu dawa umegeuzwa. Raxibacumab, kingamwili dhidi ya sumu ya kimeta, haikutoka kwa farasi. Ilitengenezwa kwa chembe hai maabarani. Kwa kuwa hakuna ruhusa ya kumwambukiza mtu kimeta makusudi, uwezo wake wa kutibu ulipimwa kwa sungura na nyani. Usalama wake ulipimwa kwa watu wazima 326 wenye afya waliojitolea wenyewe. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2012, na madhara yaliyoonekana mara nyingi ni vipele, kuwashwa, maumivu ya mikono au miguu, na usingizi.