Mizani ya Wapokezi: Tarihi ya Kuwapima Wadaka Pasi wa Vyuo vya Marekani

Mwaka 1935, kabla haijawekwa kanuni yoyote ya kuwagawanya vijana wa vyuo vikuu baina ya timu za kulipwa za futiboli ya Kimarekani, kijana mmoja aliyetoka Chuo Kikuu cha Alabama, jina lake Don Hutson, alitia sahihi mikataba miwili, mmoja wa Green Bay Packers na mmoja wa Brooklyn Dodgers, na shauri hilo likafikishwa mbele ya Joe Carr, rais wa ligi yao, yaani NFL, ambaye, kwa mujibu wa masimulizi yaliyodumu tangu zama zile, alihukumu kwa muhuri wa posta, kwani mkataba wa Green Bay ulikuwa umegongwa muhuri dakika 17 kabla ya ule wa pili. Mtu huyo aliyepatikana kwa tofauti ya dakika 17 alicheza misimu 11, akadaka pasi 99 za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, na idadi hiyo haikupitwa na mchezaji yeyote mpaka mwaka 1989, Steve Largent wa Seattle alipoifikisha 100.

Tarihi ya kuwapima wapokezi haina budi kuanza na Hutson, kwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi ya kudaka pasi ihesabiwe kuwa ufundi wenye elimu yake. Mpokezi husimama pembeni mwa mstari, na mchezo uanzapo huikimbia njia aliyoagizwa, akajitenga na beki anayemlinda, kisha akageuka wakati mpira wa kotabeki, ambaye ndiye mrushaji mkuu wa timu, umekwisha kuwa hewani. Kwa hiyo anayetaka kumhukumu kijana kama huyu yampasa atazame mbio zake, kimo chake, mikono yake, na ile akili ya kuusoma ulinzi na kuubadili mwendo kwa kufumba na kufumbua. Na katika mambo hayo manne, mawili ya kwanza hupimika kwa saa na kwa futi, ilhali mawili ya mwisho hayajulikani ila kwa kumwangalia mtu akicheza, tena mara nyingi, tena mahali alipo. Ukiichunguza kwa makini miaka tisini hii ya uteuzi, utaona kwamba makosa makubwa hayakutokana sana na udhaifu wa macho ya wapimaji, bali yalitokana na safari ambazo macho hayo hayakufunga.

Uteuzi wenyewe ulizaliwa kwa rai ya Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona timu tajiri zikijizolea vijana bora kila mwaka, naye akapendekeza kwamba timu iliyoshika mkia ndiyo itangulie kuchagua. Tarehe 8 Februari 1936, katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia, majina yapatayo 90 yaliandikwa ubaoni na 81 yakachaguliwa, na yule wa kwanza kabisa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza katika ligi hiyo hata siku moja. Timu hazikuwa na watu wa kusafiri kutazama wachezaji. Majina yaliokotwa magazetini na katika mazungumzo ya marafiki, hata aliyekuwa na bidii ya kununua magazeti ya mbali akahesabiwa kuwa mtu mwenye siri. Ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo Los Angeles Rams walipomwajiri Eddie Kotal awe msaka vipaji wa kudumu, naye akafika hata katika vyuo vilivyoasisiwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, ambavyo wenzake wengi walivipita kana kwamba havimo katika ramani. Paul Younger wa Grambling, aliyeingia Rams mwaka 1949, ndiye wa kwanza kutoka vyuo hivyo kucheza katika NFL.

Katika zama hizo hizo ndipo ilipoingia saa. Ile desturi ya kumpima mchezaji kwa mbio za yadi 40, ambazo ni kama meta 36 na nusu, hunasibishwa na kocha Paul Brown wa Cleveland, aliyeupata urefu huo kwa kukadiria umbali ambao mchezaji hukimbia ili aufikie mpira uliopigwa juu kwa mguu. Kipimo kilichotokana na hitaji hilo dogo kikaja kutawala, na kwa wapokezi utawala wake ukawa mkali kuliko kwa kaumu nyingine yoyote ya wachezaji.

Sababu yake ilikuwa Bob Hayes. Dallas Cowboys walimchagua katika duru ya 7 ya uteuzi uliofanyika Desemba 1963, angali mwanafunzi wa Florida A&M, na mwaka uliofuata, katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ile ile ambayo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwa kushika nafasi ya tatu katika meta 800, Hayes alishinda meta 100 kwa sekunde 10.0, kisha akapokea kijiti cha mwisho cha mbio za kupokezana Marekani ikiwa nyuma, akawapita wote waliomtangulia. Alipovaa jezi ya Dallas mwaka 1965, alidaka pasi 46 zenye yadi 1,003 na tachidauni 12 katika msimu wake wa kwanza, na mabeki walioshindwa kumwandama mmoja kwa mmoja wakalazimika kuupa nguvu ulinzi wa eneo, ambamo kila mtu hulinda sehemu yake ya uwanja badala ya kumlinda mtu.

Funzo ambalo timu nyingi zililipata kwa Hayes lilikuwa nusu ya funzo. Waliona mbio, wasione kwamba Hayes alikuwa mchezaji wa futiboli chuoni kabla ya kuwa bingwa wa dunia. Jim Hines, aliyeshinda meta 100 huko Mexico mwaka 1968, alichezea Miami mwaka 1969, na pasi alizodaka msimu ule zilikuwa mbili tu. Nao Dallas, chini ya viongozi wao Tex Schramm na Gil Brandt, walikwisha kumwita mtakwimu mzaliwa wa India, Salam Qureishi, awaundie utaratibu wa kompyuta wa kuwapanga vijana kwa tarakimu, na utaratibu huo uliwafaa sana. Walakini Drew Pearson, mpokezi wao aliyekuja kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya kulipwa mwaka 2021, hakuchaguliwa na timu yoyote katika uteuzi wa 1973, wao Dallas wakiwamo, bali aliingia kwa mlango wa nyuma kama mchezaji huru.

Iwapo nalazimika kuutaja uteuzi mmoja tu uliofanywa kwa ustadi uliokamilika, nitautaja wa Pittsburgh Steelers wa mwaka 1974, na ndani yake nitamtaja Bill Nunn. Mtu huyu alikuwa mwandishi wa michezo wa Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani Weusi, na kila mwaka alikuwa akichagua kikosi bora cha vyuo vyao. Alipowalaumu Steelers kwa kuvipuuza vyuo hivyo, hawakumjibu kwa ukali, bali walimwajiri. Katika majira ya kuwapima vijana alikwenda Alabama A&M, mjini Huntsville, pamoja na wasaka vipaji wa timu nyingine, wakampima John Stallworth akikimbia katika nyasi zilizolowa, na saa ikatoa hukumu isiyompendelea. Wenzake wakafunga daftari zao wakaondoka. Nunn, kama inavyosimuliwa hata leo, akasema hajisikii vizuri, akabaki nyuma, na ardhi ilipokuwa nzuri akampima kijana yule upya, akapata muda bora zaidi, ambao hakuna aliyeujua ila yeye. Kocha Chuck Noll alimpenda Stallworth mno hata akataka achukuliwe katika duru ya kwanza, lakini wasaka vipaji wake, kwa kuwa walijua wengine hawajui, walimshawishi asubiri. Basi Steelers wakamchukua Lynn Swann katika duru ya kwanza, wakapita duru mbili, na Stallworth akawafikia katika ya 4. Wapokezi hao wawili, pamoja na Jack Lambert na Mike Webster wa uteuzi ule ule, wote wanne wako katika Ukumbi wa Mashujaa, na Nunn mwenyewe akaingizwa humo mwaka 2021, miaka saba baada ya kufariki.

Mwaka 1978 ligi iliwakataza mabeki kuwagusa wapokezi wakishavuka yadi tano, na thamani ya mdaka pasi mwema ikapanda ghafula. Kwa hiyo ungedhani kwamba mwaka 1985 hapana mtu ambaye angemkosa Jerry Rice. Kumbe chuo chake, Mississippi Valley State, kilikuwa Itta Bena, mji mdogo wa mashamba ya Delta, na wapimaji, wakizitazama pasi nyingi alizodaka, waliuliza kwanza alizidaka dhidi ya nani, kisha wakaitazama saa, ambayo haikumsifu. Alikuwa mwana wa mwashi, na tangu utotoni aliyazoea matofali aliyorushiwa na nduguze. Kocha Bill Walsh wa San Francisco alimwona usiku mmoja wa Oktoba 1984, akiwa hotelini Houston, katika runinga iliyokuwa ikionyesha mechi ya Mississippi Valley. Na siku ya uteuzi ilipofika, Walsh, aliyekuwa na nafasi ya 28 kwa sababu timu yake ndiyo bingwa, aliitoa pamoja na nafasi nyingine kwa New England ili apande hadi ya 16. Wapokezi wawili, Al Toon na Eddie Brown, walikwisha kuchaguliwa kabla yake, nao walikuwa wachezaji wazuri, lakini Rice alimaliza misimu yake 20 akiwa amedaka pasi 1,549 zenye yadi 22,895, na hizo ni rekodi ambazo bado hajatokea wa kuzivunja.

Kambi ya pamoja ya majaribio, iliyoanza Tampa mwaka 1982 na kuhamia Indianapolis mwaka 1987, ilipunguza gharama, kwani madaktari na makocha wa timu zote sasa huwakuta vijana mahali pamoja. Lakini pia iliwapa wapimaji wavivu udhuru wa kutosafiri, na hilo nalihesabu kuwa hasara kubwa. Mwaka 2017 John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, ambayo ilikuwa rekodi ya kambi, na Cincinnati wakamchagua wa 9. Msimu wake wa kwanza ulikwisha bila ya kudaka pasi hata moja. Katika kambi ile ile Cooper Kupp wa Eastern Washington, chuo kisicho katika daraja la juu, alikimbia kwa sekunde 4.62, akangoja hadi nafasi ya 69, na mwaka 2021 akaongoza ligi nzima kwa pasi 145, kwa yadi 1,947 na kwa tachidauni 16, kisha akawa mchezaji bora wa fainali kuu.

Kwamba watu wamejifunza kidogo, uteuzi wa 2024 ni shahidi. Xavier Worthy wa Texas aliivunja rekodi ya Ross kwa sekunde 4.21, na hata hivyo alikaa akingoja hadi nafasi ya 28, akiwa mpokezi wa tano kuchaguliwa, ilhali Marvin Harrison Jr. wa Ohio State, ambaye alikataa kukimbia mbele ya saa ya mtu yeyote, alitangulia wote katika nafasi ya 4 kwa kuwa filamu za mechi zake zilikuwa zimewaridhisha wapimaji. Na bado mizani haijatulia, kwani aliyewashinda wapokezi wote wapya kwa yadi msimu ule, kwa kupata 1,282, alikuwa Brian Thomas Jr., ambaye Jacksonville walimpata katika nafasi ya 23.