Rangi ya jiwe si ushahidi: Namna ya kutambua madini kabla ya kutoa fedha

MNUNUZI anayeonyeshwa jiwe la buluu na kuambiwa ni tanzanaiti, au chembe za manjano na kuambiwa ni dhahabu, aghalabu hutazama rangi kwanza. Wataalamu wa jiolojia huanzia kwingine. Kwao rangi ni shahidi asiyeaminika, kwani madini ya aina moja yaweza kuwa na rangi nyingi. Yakuti nyekundu na yakuti samawati, kwa mfano, ni madini yale yale yaitwayo korandamu. Kinachoyatofautisha ni chembe kidogo za kromi katika moja, na za chuma na titani katika nyingine.

Rangi ya unga husema kweli zaidi. Madini yakisuguliwa kwenye mgongo wa kigae cha kauri, upande usiong'arishwa, huacha mstari. Hapo ndipo pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo mng'ao wake wa manjano umewaliza wengi, hujiumbua: mstari wake ni mweusi wenye ukijani, ilhali wa dhahabu hubaki wa manjano. Aidha, dhahabu ikigongwa kwa nyundo hutandazika, pairaiti husagika.

Sifa nyingine ni ugumu. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kumi kwa kuangalia lipi hukwaruza lipi, kuanzia talki yenye namba 1 hadi almasi yenye namba 10. Ukucha una ugumu wa takriban 2.5 na kioo cha dirisha 5.5. Dhahabu, yenye 2.5 hadi 3, haiwezi kukwaruza kioo. Pairaiti, yenye 6 hadi 6.5, hukikwaruza. Ikumbukwe kwamba namba hizo ni za mpangilio tu, kwani almasi huizidi korandamu yenye namba 9 kwa mbali mno.

Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, huhitaji uangalifu wa pekee. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, nayo hupasuka kwa urahisi kufuata upande mmoja. Kuikwaruza ili kuijaribu ni kuiharibu mali yenyewe. Heri kuigeuzageuza kwenye mwanga: tanzanaiti halisi hubadili rangi kati ya buluu na zambarau kadiri inavyozungushwa, na ile ambayo haijapashwa moto huonyesha pia wekundu wa hudhurungi. Kioo kilichotiwa rangi hubaki vile vile pande zote, na mara nyingi huwa na viputo vya hewa ndani.

Kipimo kisichoacha alama ni cha uzito. Jiwe hupimwa likiwa hewani, kisha likiwa limening'inizwa ndani ya maji. Uzito wa hewani hugawanywa kwa kiasi kilichopungua. Jiwe la gramu 6.7 likipimwa gramu 4.7 majini, limepungua gramu 2, na jibu ni 3.35, ambalo ndilo la tanzanaiti. Yakuti hutoa 4, na kioo cha kawaida takriban 2.5.

Kwa dhahabu safi jibu ni 19.3. Mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao matapeli huupenda kwa kuwa nao hutandazika ukigongwa, haufiki hata 9. Lakini hata mizani hudanganyika, maana wolframu ina uzito mahsusi unaokaribia sana ule wa dhahabu, na kipande chake kikifunikwa kwa dhahabu hupita kipimo cha maji bila shida. Kwa sababu hiyo hakuna sifa moja inayotosha peke yake.

Nchini Tanzania, masoko rasmi ya madini yalianza kufunguliwa mwaka 2019, na humo madini hupimwa na kuthaminiwa kabla ya kuuzwa. Anayenunua uchochoroni bila leseni hupoteza zaidi ya fedha: hata kama jiwe ni halisi, amevunja sheria.