Disforia ya jinsia

Disforia ni neno lenye asili ya Kigiriki, na maana yake ya awali ni jambo zito kulibeba. Kwa muda mrefu madaktari walilitumia kwa mtu yeyote asiye na raha nafsini mwake, kinyume cha yuforia, yaani furaha kuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Norman Fisk, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akaliambatanisha na jinsia. Watu waliofika kliniki walikuwa na historia tofauti tofauti. Kilichowakutanisha ni dhiki. Tangu 2013 ndilo jina rasmi katika DSM, mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani.

Mwongozo huo unataka tofauti kati ya jinsia anayojihisi mtu na ile aliyoandikiwa alipozaliwa iwe imedumu walau miezi 6, na mtu mzima aonyeshe dalili mbili au zaidi kati ya sita zilizoorodheshwa. Halafu kuna sharti linalobeba uzito wote: hali hiyo iwe inamtesa sana au inamkwamisha kazini, shuleni au nyumbani. Aliyetulia na hali yake hana disforia, hata majirani wakiwa na yao ya kusema.

Tafsiri inayokuja haraka ni “dhiki ya kijinsia”. Siipendi. Tumeshazoea kusikia ukatili wa kijinsia na unyanyasaji wa kijinsia, kwa hiyo muuguzi atakayeliona kwenye faili atadhani mama wa watu amepigwa. Tena dhiki, kwa wengi wetu, ni mfuko mtupu. “Ugonjwa wa jinsia” ni balaa zaidi, kwani unanukia kaswende. Wapo pia wanaokimbilia “huntha”, neno la zamani lenye kazi yake: humtaja mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri ya kiume au ya kike. Hilo ni suala la mwili, na mara nyingine mkunga huliona siku ileile. Sensa ya Kenya ya 2019 iliyohesabu huntha 1,524 haikuwa ikiwahesabu wenye disforia.

Basi mimi naandika “disforia ya jinsia”, na mara ya kwanza naifafanua: dhiki ya mtu ambaye jinsia anayojijua nayo haiwiani na ile aliyozaliwa akihesabiwa kuwa nayo. Wanaotenganisha “jinsi” ya maumbile na “jinsia” ya kijamii wana hoja, ila nje ya vyuo vikuu fomu zetu nyingi huandika jinsia, me au ke, na mambo yakaishia hapo.

Je, ni ugonjwa wa akili? Kwetu swali hili lina miiba, maana mtaani ugonjwa wa akili ni kichaa tu, na Mtanzania akiambiwa apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, anajua ametukanwa. Vitabu vya madaktari vina wigo mpana zaidi. Humo mna hata kukosa usingizi na hofu ya buibui. Ila wigo huo umewahi kuchorwa kwa dhuluma. Mwaka 1851 Samuel Cartwright, daktari wa kusini mwa Marekani, alidai kwamba watumwa wanaotoroka mabwana zao wana ugonjwa wa akili, akautungia jina. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyohiyo kiliamua kwamba ushoga si ugonjwa. Robert Spitzer, aliyekuwa mstari wa mbele katika uamuzi huo, alisisitiza kwamba ugonjwa lazima umletee mwenyewe mateso au umlemaze katika maisha yake. Kuwaudhi wengine hakutoshi.

Kwa kipimo hicho DSM iliondoa jina la zamani lililouita utambulisho wenyewe tatizo, ikabakiza dhiki. Shirika la Afya Duniani limekwenda mbali zaidi. Katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, hali hiyo imetolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa kwenye sura ya afya ya kujamiiana, na jina lake huko naliita “kutowiana kwa jinsia”. Huko dhiki si sharti. Mbona basi haikufutwa kabisa? Kwa sababu bila utambuzi wa daktari bima hailipi na dawa haziandikwi. Hata mahakamani karatasi ya daktari ina uzito wake. Audrey Mbugua wa Kenya alikuwa amepewa utambuzi huo, chini ya jina la zamani la hali hiyo, alipoishtaki KNEC, baraza la mitihani la nchi hiyo. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru cheti chake cha kumaliza sekondari, KCSE, kibadilishwe jina na kiondolewe alama ya jinsia. Jaji alizingatia pia kwamba kanuni za baraza hazilazimishi alama hiyo kuwapo.

Tiba huanza na mazungumzo, na kwa wengine huishia hapo. Wanaoendelea hupewa homoni. Testosteroni huifanya sauti kuwa nzito ndani ya miezi kadhaa, na hata ukiiacha sauti hairudi. Daktari hupima damu kila baada ya muda kwa kuwa chembe nyekundu huongezeka. Estrojeni haipandishi sauti, hivyo kuna mafunzo ya kuzungumza, na inayomezwa huongeza hatari ya damu kuganda. Upasuaji ni wa baadhi tu.

Ubishi mkali uko kwa watoto. Dawa za kuchelewesha balehe wengi huziita “vizuia balehe”, jina linalodokeza kwamba mlango umefungwa moja kwa moja, ilhali dawa ikikatizwa balehe huendelea. Afadhali “dawa za kusimamisha balehe kwa muda”, ingawa nalo lisimhadae mzazi kwamba hazina madhara: kasi ya mifupa kuimarika hupungua. Uingereza, baada ya ripoti ya daktari wa watoto Hilary Cass ya Aprili 2024 kuona ushahidi kuhusu dawa hizo ni dhaifu, ilipiga marufuku kuwaanzishia walio chini ya miaka 18 wenye disforia, isipokuwa katika utafiti. Dawa hizohizo zinaendelea kutolewa kwa mtoto anayebalehe kabla ya wakati wake.