Fumbo na Vyumba Vyake: Kutoka Gereza la Pate hadi Darasa la Kizingitini

Mwaka 1913 una mafumbo mawili ambayo hayakujuana. Tarehe 21 Disemba, gazeti la New York World la Marekani lilichapisha fumbo la vyumba lililobuniwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Huo ndio mwanzo wa mraba wa maneno ambao wanafunzi wetu huujaza magazetini. Mwaka huohuo, Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga Utendi wa Fumo Liyongo, na ndani yake akahifadhi fumbo kongwe zaidi: wimbo ambao Liyongo, akiwa kifungoni Pate, alimtuma nao kijakazi Saada kwa mamake.

Nayaweka pamoja kwa sababu moja. Anayejaza mraba hujua kwamba kidokezo peke yake hakitoshi. Kidokezo kinaweza kukubali majibu matatu, na yote yakaonekana sawa. Kinachoamua ni idadi ya vyumba pamoja na herufi zinazokatana na maneno mengine. Jibu lisilokatana na jirani zake si jibu, hata likipendeza vipi. Naam, sisi walimu wa fasihi tunapofika kwenye mafumbo ya washairi wetu wa kale, aghalabu tunaisahau kanuni hii. Tunampa mtahiniwa maana, anaikariri, basi.

Tumtazame Liyongo kwanza. Ujumbe wake ulimtaka mama aoke mkate na katikati yake aweke tupa. Mpe mwanafunzi wa leo neno hilo peke yake, atakuambia ni kitenzi: kutupa. Lakini tupa ni nomino pia, kile chombo cha chuma cha kukerezea. Nani atuamulie? Neno jirani. Kitu kinachowekwa ndani ya mkate hakiwezi kuwa kitendo. Kisha kuna hali ya msemaji: ni mtu aliyefungwa kwa minyororo. Vidokezo hivyo viwili vinakatana mahali pamoja, na jibu haliwezi kuwa jingine.

Mama alifumbua zaidi ya alichoambiwa. Alioka mikate mizuri, akaoka na mmoja wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na tupa akaificha katika huo wa wishwa. Walinzi wakala ile mizuri na kumwachia mfungwa ule duni. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ustadi mkubwa kuliko hata wimbo wenyewe: kiburi cha walinzi kilikuwa sehemu ya jawabu. Baadaye Liyongo alipoulizwa anatamani nini kabla ya kuuawa, aliomba ngoma ya gungu. Watu walicheza na kuimba, siwa ikalia, naye akakata minyororo bila sauti ya tupa kusikika.

Sasa tuje kwenye mraba mgumu zaidi, ambao wengi wetu hatuuoni kwa kuwa tunasoma vitabu vilivyokwisha kuhaririwa. Tungo hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo kwa asili hazina p, wala v, wala ch. Irabu i na e huandikwa kwa alama moja, u na o kwa alama moja. Na mara nyingi m ya mb haikuandikwa kabisa. Chukua herufi ba mbili zenye irabu a. Unaweza kusoma baba. Unaweza pia kusoma papa, pamba au bamba. Mizani haikusaidii, kwa maana yote yana mbili. Neno likiwa mwishoni mwa kipande, kina kitakuokoa: ba, pa au mba. Likiwa katikati, huna ila maana ya ubeti mzima na ujuzi wako wa mahali lilikotungwa. Mshairi akizungumzia bahari na nyavu, papa atakuwa na haki kuliko pamba.

Ndiyo sababu mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yasingetufikia kama yalivyo bila Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Huyu aliyakusanya na kumfafanulia mmishenari W. E. Taylor, na kutokana na kazi hiyo William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Muyaka alifumba sana, hasa katika siasa za Mombasa na Lamu wakati wa vita vya Shela. Aliyelengwa alijua analengwa. Sisi tuliokuja nyuma tunahitaji wa kutuonyesha neno gani linakatana na tukio gani.

Hapa ndipo ninapomfikiria mwanafunzi wa Kizingitini, katika kisiwa kilekile cha Pate alikofungwa Liyongo. Nyumbani kwake husemwa Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, ambamo t ya Kiswahili sanifu mara nyingi huwa ch: mtu huwa mchu. Jirani yake ni Kiamu, ambacho hufanya kinyume: macho huwa mato, nchi huwa nti, mchele huwa mtele. Mtoto anayesikia lahaja zote mbili amezoea kugeuza herufi huku na huko kabla hajaingia darasani. Vitabuni atasoma kuhusu kimai, nyimbo za mabaharia, na vave, nyimbo za wakulima, kama istilahi za kukariri. Kwao hayo yalikuwa mambo ya wazee wake kabla ya kuwa swali la mtihani.

Mtoto huyu akikutana na neno mato katika utenzi wa Lamu, mraba wake unajaa papo hapo. Kisha anakuja kwenye swali tulilolizoea: eleza jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake. Na jibu tulilomfundisha ni kwamba mshairi ametumia lahaja ili kutosheleza vina.

Mwalimu mwenzangu, hebu jaza mraba huu upya. Ni kweli kwamba ukiandika macho mahali pa mato, kina cha to kitaharibika. Lakini Kijumwa hakuanza na macho akaibadilisha. Alianza na mato, kwa kuwa ndilo neno lake; Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, miaka 15 baada ya utendi wake. Mtu hawezi kukiuka kanuni ambayo haijawekwa. Mshairi wa leo aliyezoea usanifu akichukua nti ili apate kina, huo ni uhuru wa mshairi, na mtahiniwa apewe alama yake. Kwa utungo wa Lamu wa zamani, jibu hilohilo halikatani na tarehe wala na mahali. Mtahiniwa aandike kwamba lugha ya utungo ni Kiamu, ataje maneno yanayothibitisha hilo, kisha aonyeshe jinsi vina vinavyokubaliana katika lahaja hiyo. Nasi tunaosahihisha tuyaongeze maelezo hayo katika mwongozo wetu wa shuleni, ili mtoto wa Kizingitini aliyefumbua vizuri asikatwe alama.