Tiketi Moja ya Afrika: Historia ya Ubashiri wa Mwisho wa Msimu katika Mombasa Bara

Wiki za mwisho za ligi kuu ya soka ya Kenya zimekuwa kwa muda mrefu, kwa wakazi wa Likoni, Changamwe na Kisauni, kipindi cha kupiga hesabu kuliko kipindi cha kushangilia, kwa kuwa swali linalojadiliwa kwenye mabaraza na maskani baada ya sala ya alasiri si bingwa ni nani tu, bali ni klabu gani itakayopata tiketi ya Afrika, yaani haki ya kuiwakilisha nchi katika mashindano ya vilabu yanayoendeshwa na Shirikisho la Soka la Afrika, CAF. Ubashiri huo una historia yake, na mwenye kuifuatilia hugundua kwamba yaliyoamua hatima ya timu za Mombasa mara nyingi ni kanuni zilizoandikwa mbali na pwani, ambazo zilifungua mlango kwa mshindi wa pili wa ligi, kisha zikaufunga.

Mwanzoni hapakuwa na mengi ya kubashiri. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na mwaka uliofuata Afrika ikaanzisha Kombe la Klabu Bingwa, shindano lililokuwa na nafasi kwa mabingwa wa nchi peke yao, kwa hiyo aliyejua nani anaongoza jedwali alijua pia nani ana haki ya kuvuka mipaka. Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya, na hadi leo ndiyo klabu pekee ya mji huo iliyowahi kufanya hivyo, jambo ambalo wazee wa pwani hulitaja kwa fahari iliyochanganyika na uchungu, maana miaka 60 ni mingi mno kwa mji ulioipa timu ya taifa wachezaji wengi kiasi hicho. Matokeo ya viwanja vingine yalifika kwa redio, na miongoni mwa sauti zilizowazoesha Wakenya kuufuata mpira bila kuuona ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964 na kuaga dunia Februari 2025, mtoto wa familia ya Freretown, makazi ya Kisauni yaliyoanzishwa kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Bila redio ubashiri wa mwisho wa msimu usingewezekana, kwa sababu kiini chake ni kujua kinachotokea kwingine wakati timu ya mtu bado iko uwanjani.

Hesabu zilianza kuwa ngumu Afrika ilipoongeza milango. Mwaka 1975 CAF ilianzisha Kombe la Washindi, ambalo klabu iliingia kwa kushinda kombe la mtoano la nchi yake, na ni kwa mlango huo Gor Mahia, klabu ya Nairobi, ilifika kileleni mwaka 1987. Mwaka 1992 likaongezwa Kombe la CAF, lililowekewa washindi wa pili wa ligi, hivyo kwa muda wa miaka 12 kila nchi ikawa na tiketi tatu: ya bingwa, ya mshindi wa kombe na ya aliyemaliza wa pili. Mwaka 2004 mashindano haya mawili ya chini yaliunganishwa kuwa Kombe la Shirikisho, na tiketi zikapungua. Nchi 12 zenye rekodi bora barani zilipewa nafasi nne kila moja, mbili katika Ligi ya Mabingwa na mbili katika Kombe la Shirikisho. Nchi nyingine zote zikabaki na mbili tu, ya bingwa na ya mshindi wa kombe. Kenya iliangukia kundi la pili. Tangu hapo kumaliza wa pili katika ligi ya Kenya kumekuwa heshima isiyompeleka mtu popote, na Mombasa ndiyo iliyokuja kulipia zaidi mabadiliko hayo.

Timu inayobeba hesabu hizo ni Bandari, klabu inayomilikiwa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya, ambayo mizizi yake ni timu za wafanyakazi wa upakiaji na upakuaji wa mizigo. Uwanja wake wa Mbaraki uko kisiwani, lakini wanaoiita timu yao kwa haki kamili wanalala ng'ambo: makuli, madereva wa kreni na makarani wanaovuka kwa feri kurudi Likoni, wanaopanda matatu za Changamwe kandokando ya gati za Kipevu, au wanaopita daraja la Nyali kuelekea Kisauni. Ni watu wa kazi za zamu, na zamu huwazoesha kuhesabu. Pengine ndiyo maana mabishano yao kuhusu jedwali ni makini kuliko yanayosikika redioni.

Hesabu zenyewe hufuata utaratibu ambao mtoto wa shule ya msingi anaweza kuufuata, ingawa ukali wake hujitokeza zinapobaki mechi chache. Ushindi huleta pointi tatu na sare moja, kwa hiyo timu iliyobakiwa na mechi nne haiwezi kuongeza zaidi ya pointi 12, na ikiwa iko nyuma ya inayoongoza kwa pointi 13, mjadala umekwisha hata kama ushabiki haujaisha. Kabla ya hapo huhesabiwa viporo, yaani mechi zilizoahirishwa ambazo timu bado inadai, kwa kuwa timu ya tatu yenye viporo viwili inaweza kuwa na nguvu kuliko ya pili isiyo na kiporo. Pointi zikilingana huangaliwa tofauti ya mabao, yaani mabao ya kufunga kutoa ya kufungwa, na hapo ndipo bao la kujifariji lililofungwa mwezi wa pili katika mechi iliyokwisha kupotea hugeuka kuwa na thamani ambayo hakuna aliyeijua siku lilipofungwa.

Msimu wa 2018 ulionyesha jinsi hesabu sahihi inavyoweza kukosa malipo. Gor Mahia ilitangazwa bingwa mapema, raundi kadhaa zikiwa bado, na Bandari chini ya kocha Bernard Mwalala ikamaliza ya pili katika ligi ya timu 18. Waliobashiri nafasi hiyo walipatia kabisa, lakini tiketi ya pili ya Kenya ilikwenda kwa Kariobangi Sharks, iliyoifunga Sofapaka katika fainali ya Ngao, kombe la mtoano la nchi. Mechi 34 za uvumilivu, safari za mabasi kwenda Kakamega na Kisumu, alama zilizokusanywa mvua na jua, zote zikazidiwa na mfululizo mfupi wa mechi za kutoana. Kama mafanikio hayo yangepatikana katika enzi za Kombe la CAF, Bandari ingelicheza bila kumwomba mtu. Si halali kuiita hali hiyo bahati mbaya, kwa sababu bahati haina mwandishi na kanuni inaye.

Msimu uliofuata ubashiri ulibadilika sura na wakati pia. CAF ilikuwa imeamua mwaka 2017 kuhamisha kalenda ya mashindano yake ili yaanze katikati ya mwaka na kuishia mwaka unaofuata, na Kenya ikalazimika kufuata, kwa hiyo mwisho wa msimu ukatoka mwezi wa kumi ukahamia mwezi wa tano, ambao Mombasa ni kilele cha mvua za masika. Januari 2019 Bandari ilikwenda Dar es Salaam katika kombe la kampuni ya kamari ya SportPesa, ikaitoa klabu ya Simba kwa mabao 2-1 katika nusu fainali, kisha ikafungwa 1-0 na Kariobangi Sharks katika fainali. Ligi ilipokaribia ukingoni, Gor Mahia ilikuwa tena mbele na Bandari tena ya pili, lakini safari hii mabaraza ya ng'ambo yalikuwa yameshajifunza: macho yaliachana na jedwali yakaelekea kwenye Ngao. Mwanzoni mwa Juni 2019, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Bandari iliifunga Kariobangi Sharks 3-1 na kuchukua tiketi ambayo nafasi ya pili ilikuwa imeinyima miezi michache nyuma. Haikuwa mara ya kwanza kwa mlango huo kuifungukia: mwaka 2015 ilishinda Ngao kwa kuifunga Nakumatt, ikakutana na St Eloi Lupopo ya Lubumbashi katika Kombe la Shirikisho la 2016.

Tiketi ilipopatikana, uwanja ukakosekana. Mbaraki haukutimiza masharti ya CAF, na Mombasa haikuwa na uwanja mwingine ulioyatimiza, hivyo mechi za nyumbani za mwaka 2019 zilichezwa Kasarani, umbali wa karibu kilomita 480 kutoka feri ya Likoni. Hii ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili hasira ya wazi zaidi, kwa kuwa watu waliohesabu pointi kwa misimu miwili walilazimika kuiona timu yao ikiwa mwenyeji katika mji wa wengine. Hata hivyo Bandari iliitoa Al Ahli Shendi ya Sudan, ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, na ikaja kusimamishwa na Horoya ya Guinea katika hatua ya mwisho kabla ya makundi. Umuhimu wa hatua hiyo moja utaonekana mbele.

Ubashiri wa aina hii una mwenzake katika nchi ya mbali. Nchini Marekani timu za vyuo vikuu hucheza mpira wao wa kubebwa mikononi hadi mwisho wa Novemba, kisha zinazofaa hualikwa kwenye mechi maalumu za kufunga msimu zinazoitwa kwa majina ya mabakuli, ambazo kongwe zaidi kati yake, Rose Bowl, ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1902. Timu inayoshinda mechi 6 kati ya 12 kwa kawaida hustahili kualikwa, lakini nani aende wapi huamuliwa na mikataba ya ligi na, kwa zile kubwa, na kamati ya watu 13, hivyo wabashiri wa huko hutumia wiki za mwisho kujaribu kusoma mawazo ya wajumbe. Desemba 2023 Florida State ilimaliza bila kufungwa hata mara moja katika mechi 13 na bado kamati ikaiacha nje ya timu nne za kugombea ubingwa. Shabiki wa Changamwe akisimuliwa hayo angeweza kudhani kwamba kwao pointi zina usemi wa mwisho, na kwa kiasi kikubwa angekuwa sahihi.

Si kwa kiasi chote, kwani ofisi nazo zimewahi kuvuruga hesabu za Kenya. Aprili 30, 2020, janga la korona likiwa limesimamisha michezo, Shirikisho la Soka Kenya, FKF, liliifunga ligi kabla ya wakati na kuitangaza Gor Mahia kuwa bingwa, huku waendeshaji wa ligi wakipinga. Mwaka 2022 Tusker na Kakamega Homeboyz zilimaliza zikiwa na pointi 63 kila moja, Tusker ikatawazwa kwa tofauti ya mabao, lakini FIFA ilikuwa imeifungia Kenya tangu Februari mwaka huo kwa sababu ya serikali kuingilia uongozi wa soka, na hakuna klabu ya Kenya iliyocheza Afrika msimu uliofuata. Mashindano yaliyobashiriwa hadi bao la mwisho yakawa hayana tiketi.

Katikati ya miaka hiyo ubashiri wenyewe ulibadilishwa na fedha. SportPesa ilianza biashara Kenya mwaka 2014, simu ya mkononi ikageuka kuwa dirisha la kuwekea dau, na kampuni hiyo ikadhamini ligi, Ngao na vilabu vikubwa hadi mgogoro wa leseni na kodi wa 2019 ulipoifanya iondoe udhamini. Kubeti na kupiga hesabu za tiketi ni mambo mawili tofauti, ingawa hufanywa na vijana walewale katika maskani ileile: anayebeti huutafuta uwezekano wa kumlipa yeye peke yake, mara nyingi kwa mechi za Ulaya ambazo hana undugu nazo, na anayehesabu pointi za Bandari hutafuta jambo litakalowafaa wote wa mtaa au lisimfae yeyote. La kwanza limekula muda na mishahara ya ng'ambo nzima. La pili halijamfilisi mtu.

Kiasi cha kilomita 100 kusini ya Likoni uko mpaka wa Lunga Lunga, na ng'ambo yake hesabu ni nyingine kabisa. Tanzania iliingia miongoni mwa nchi 12 za juu kutokana na mafanikio ya Simba na baadaye Yanga, ikapata tiketi nne, na matokeo yake Coastal Union ya Tanga, iliyomaliza ya nne katika msimu wa 2023/24, ilikwenda kucheza Kombe la Shirikisho na Bravos do Maquis ya Angola. Ya nne Tanga ilisafiri; ya pili Mombasa ilibaki nyumbani. Kinachotofautisha pwani hizi mbili ni pointi za CAF za miaka mitano, ambazo klabu huanza kuziingizia nchi yake inapofika hatua ya makundi, na ambazo hupewa uzito mkubwa zaidi kadiri mwaka unavyokuwa wa karibuni. Ndiyo maana kutolewa na Horoya mlangoni mwa makundi kuliiumiza Kenya nzima, na ndiyo maana mafanikio ya Nairobi United, iliyoshinda kombe la mtoano la FKF mwaka 2025 ikiwa bado klabu ya daraja la pili, kisha ikapenya hadi makundi ya Kombe la Shirikisho, yana uzito hata kwa mpakuaji wa Kipevu asiyewahi kuiona ikicheza. Ikiwa nafasi ya pili ya Bandari itakuja kuwa na tiketi, pointi zitakazoileta zitakuwa zimechumwa kwa sehemu na vilabu vya Nairobi, na hesabu za mwisho wa msimu za Likoni, Changamwe na Kisauni sasa hazina budi kuanza huko.